Maswali ya Wasomaji: Baiskeli, Upepo na Maji Kupwa

Barua za safari hii zimetoka Mwanza, Magu na Ukerewe, na zote zina mtu wa aina moja: si mwanamichezo, ana siku chache, hana haraka, ila anataka kufika mbali kwa baiskeli akiwa mzima, na baiskeli nayo iwe nzima.

SWALI: Mwangaluka, mhariri. Mdogo wangu anasoma Nantes, Ufaransa, na amenialika mwezi wa sita. Tuna siku nane za kuendesha taratibu kandokando ya bahari. Tupite wapi? Na je, nibebe baiskeli yangu kutoka huku? – Mama wa watatu, Nyakato

JIBU: Mwangaluka, mama. Baiskeli yako iache nyumbani, ukodi palepale Nantes. Chagua ya gia, yenye keria na mudigadi, na tairi za upana wa milimita 35 hadi 42, kwa sababu njia nyingi za pwani ile ni changarawe iliyoshindiliwa, na kwenye misitu ya misonobari kuna mchanga. Kabla hujalipa, angalia mdomo wa tyubu. Huko nyingi ni nyembamba: unalegeza kwanza kinati kidogo kilicho kwenye ncha, ndipo unajaza upepo. Pampu tuliyoizoea ya mdomo mnene haishiki hapo, hivyo dai pampu inayolingana, tyubu moja ya akiba, kengele, na taa za mbele na nyuma. Kengele na taa ni sharti la sheria yao, na ukiwa nje ya mji usiku lazima uvae pia kizibao kinachoakisi mwanga.

Njia yenyewe ni hii. Tokeni Nantes kwa njia ya baiskeli inayofuata mto Loire hadi unapomwaga maji baharini, Saint-Brevin-les-Pins. Pale ufukweni kuna mifupa ya nyoka mkubwa wa alumini, urefu wa mita 130, kazi ya msanii Huang Yong Ping ya mwaka 2012; maji yakijaa anafunikwa nusu, yakipwa anaonekana mzima. Hapo mnaingia kwenye La Vélodyssée, njia ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Roscoff hadi Hendaye, mpakani na Hispania. Ninyi mnahitaji kipande tu: Pornic, Saint-Jean-de-Monts, Les Sables-d'Olonne, kisha La Rochelle. Jumla inazidi kidogo kilomita 300. Pigeni kilomita 45 kwa siku, siku saba, na moja mpumzike. Mwelekeo huo wa kushuka kusini ndio mzuri, maana kiangazi upepo wa bahari ile hutoka zaidi magharibi na kaskazini-magharibi, hivyo mara nyingi utawapata ubavuni au mgongoni.

Mtu wa ziwa anapaswa kujifunza jambo moja jipya, nalo ni saa za maji. Ziwa letu halipwi wala halijai kwa saa kama bahari. Kusini ya Pornic kuna kisiwa cha Noirmoutier, na barabara ya zamani ya kwendea huko, Passage du Gois, ina urefu wa kilomita 4 na ushee na hulala chini ya bahari mara mbili kila siku. Inapitika kuanzia saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa hadi saa moja na nusu baada yake, basi. Ratiba hubandikwa mwanzoni mwa barabara. Usitumie ya jana: saa ya kupwa husogea mbele takriban dakika 50 kila siku. Kwenye ratiba za Ufaransa kuna pia namba ya nguvu ya maji, kutoka 20 hadi 120. Namba kubwa ni bamvua, maji yanakwenda mbali na barabara inakauka vizuri. Namba ndogo ni maji mafu, na kukiwa na upepo mkali barabara inaweza isitoke majini sawasawa. Siku hiyo piteni daraja la Fromentine, lililofunguliwa mwaka 1971.

Ingieni Gois maji yakiwa bado yanashuka, si yanapoanza kurudi. Sehemu ya barabara ni mawe yenye mwani, inateleza kama sabuni: shika breki ya nyuma kidogo kidogo, usikate kona ghafla. Zile nguzo ndefu zenye jukwaa juu ni za kumwokoa aliyezidiwa na maji. Ukijikuta unaziwazia, umechelewa kuanza. Mkivuka, mwagia baiskeli maji baridi yasiyo ya chumvi, kausha mnyororo na uupake mafuta siku ileile. Chumvi ikilala usiku mmoja, asubuhi mnyororo una kutu.

Mengine ni ya haraka. Wao huendesha upande wa kulia, na kwenye njia panda isiyo na alama anayetokea kulia kwako ndiye anayetangulia, hata akitoka kichochoro. Vijijini chakula cha mchana hupikwa kati ya saa 6 na saa 8, mkipita hapo mtakula mkate. Jumapili mchana maduka mengi yamefungwa, nunueni asubuhi. Mwezi wa sita jua huzama karibu saa 4 usiku. Mwanga huo hudanganya miguu, kwa hiyo simameni kwa saa, msisubiri giza. Na pale Pornic tazameni vibanda vya wavuvi vilivyo juu ya nguzo, kila kimoja na wavu wa mraba unaoshushwa na kuinuliwa kwa kamba. Mtu aliyezoea kuona dagaa wakivuliwa kwa taa atasimama hapo muda mrefu.

SWALI: Nina baiskeli ya Phoenix. Kila nikipakia mzigo, spoku za gurudumu la nyuma zinakatika. Fundi anaweka mpya, baada ya wiki inakatika nyingine. Nataka kwenda nayo Magu kusalimia wazee. Kosa ni la mzigo? – Kijana wa Igoma

JIBU: Mzigo unachangia, lakini kosa kubwa ni ulegevu. Wengi hudhani spoku hukatika kwa kukazwa mno. Chukua waya, ukunje na kuukunjua mahali pamoja: unakatika bila kuvutwa. Spoku iliyolegea hufanywa hivyohivyo kila gurudumu linapozunguka, na hukatikia kwenye kiwiko, pale inapoingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Fundi akiweka mpya na kukaza hiyo moja tu, jirani zake bado zimelegea, na zimeshachoka.

Pindua baiskeli juu chini. Minya spoku mbilimbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote, kisha zigonge kwa mpini wa bisibisi. Za upande mmoja zinapaswa kutoa sauti inayokaribiana. Inayotoa sauti nzito, ya chini, imelegea. Kaza kinati chake robo mzunguko, zungusha gurudumu, sikiliza tena. Rimu ikivutika kulia, kaza za kushoto robo mzunguko mahali hapo na ulegeze za kulia kiasi hichohicho. Usifanye zaidi ya robo kwa mara moja, maana hapo ndipo rimu inapopinda kabisa. Zikishakatika tatu, acha viraka: gurudumu lifungwe upya kwa spoku mpya zote.

Kwa safari ya Magu, kilo 12 kwenye keria zinatosha. Vizito viwe chini na karibu na siti, pande zote mbili sawa. Mzigo ukining'inia nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unatikisika kwenye mteremko. Ukinunua tyubu ya akiba, soma namba iliyo pembeni mwa tairi: Phoenix kubwa huwa 28 x 1½, yaani kipenyo cha milimita 635 pale tairi inapokaa kwenye rimu, na tyubu ya baiskeli ya gia ya 26 ni ndogo, itavutika mno.

Pancha nayo husomwa kabla ya kuzibwa. Tundu moja upande wa nje ni mwiba wa mgunga au mbigili. Pitisha kidole taratibu ndani ya tairi uutafute, la sivyo utaziba tena baada ya mita mia. Matundu mawili sambamba ni rimu iliyobana tyubu kwenye shimo, upepo ulikuwa mdogo. Tundu upande wa ndani ni ncha ya spoku. Sugua kwa msasa, paka solusheni nyembamba, subiri kama dakika 5 hadi isigande kidoleni, ndipo ubandike. Kiraka kinachobandikwa solusheni ikiwa mbichi hubanduka kwenye jua.

SWALI: Tunataka kuzunguka Ukerewe, Bunda, turudi Mwanza. Tuanzie wapi? – Walimu wawili, Buhongwa

JIBU: Anzeni na meli hadi Nansio, safari ya saa tatu na ushee. Fungeni baiskeli zikiwa zimesimama. Zikilazwa, upande wenye mnyororo uwe juu. Zungukeni kisiwa siku mbili, mvuke Rugezi kwenda Kisorya, kisha Bunda, Lamadi, Magu na nyumbani. Nenda mwezi wa sita hadi wa nane, kabla ya vuli.

Tumechagua mwelekeo huo kwa ajili ya upepo. Asubuhi mapema huvuma wa nchi kavu kwenda ziwani, na kuanzia saa 4 au 5 hugeuka ukatoka ziwani. Kutoka Bunda kuja Magu huo wa mchana unawasaidia. Lakini baada ya Magu barabara inaelekea magharibi, na alasiri mtaubeba usoni kilomita 60. Basi siku ya mwisho tokeni saa 12 asubuhi, mkapumzike Kisesa, kwenye makumbusho ya Bujora.

Siku ya Bunda hadi Magu igaweni mara mbili, mlale Lamadi. Hapo Hifadhi ya Serengeti inakaribia barabara, na tembo huingia hadi mashambani. Msiwe barabarani jioni wala alfajiri. Mkobani wekeni michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa: haiozi, haimwagiki, na inashibisha.

SWALI: Tukifika ufukweni tunaloweka miguu kuondoa uchovu. Kuna ubaya? – Nansio

JIBU: Upo, ndugu yetu. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi kwa dakika chache tu, na hutoka kwa wingi zaidi mchana wa jua. Maji ya ziwa yaliyowekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, bila konokono, kwa siku mbili hayana tena vijidudu hai vya kichocho. Tumia hayo kuoshea miguu. Ya kunywa chemsha. Mlioshaloweka, nendeni kupima baada ya wiki 6 hadi 8, si kesho yake, kwa sababu dawa ya praziquantel haiui vizuri minyoo ambayo bado ni michanga.