Jaribio lako la kwanza la kumbukumbu: ya kuangalia kabla hujagawa karatasi

Ukianza saikolojia utafundishwa mapema kwamba kumbukumbu ina hatua tatu: kupokea, kuhifadhi na kurejesha. Ni kweli, ila anayetaka kufanya utafiti inabidi aanzie kwingine. Kumbukumbu yenyewe haionekani. Unachokiona ni maneno aliyoandika mshiriki, sekunde alizotumia na makosa aliyofanya, yaliyobaki unayakisia. Mtu akishindwa kukutajia neno "ndoo", huenda hakulisikia vizuri, huenda limefutika, au lipo ila hajaweza kulifikia. Ukimwambia linaanza na "nd" akalipata hapo hapo, basi shida ilikuwa kwenye kurejesha. Kwa hiyo, kila inapowezekana, pima kwa njia mbili: kwanza mshiriki aandike anachokumbuka bila msaada, kisha mpe orodha yenye maneno ya kweli na ya kupachika (ambayo hakuyasikia) achague.

Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alilijua hili tangu 1885. Alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana zipatazo 2,300, na hakuhesabu tu alizokumbuka: alihesabu pia juhudi aliyookoa alipojifunza upya orodha aliyodhani ameisahau. Mtu anaweza kuapa hakumbuki kitu, na bado akajifunza haraka kuliko mara ya kwanza.

Kwa anayeanza, jaribio zuri ni la orodha ya maneno 15. Matokeo yake yanajulikana: maneno ya mwanzo na ya mwisho hukumbukwa zaidi, ya katikati hupotea. Mwaka 1966 Glanzer na Cunitz walionyesha kwamba washiriki wakihesabishwa kwa sekunde 30 kabla ya kukumbuka, ile faida ya maneno ya mwisho hutoweka, na ya mwanzo hubaki. Maelezo ya kawaida ni kwamba ya mwanzo yamerudiwa kichwani mara nyingi, na ya mwisho bado yako kwenye kumbukumbu ya muda mfupi. (Maelezo haya yana wapinzani. Mwaka 1974 Bjork na Whitten waliweka kazi ya kuvuruga baada ya kila jozi ya maneno, na faida ya mwisho ikarudi. Usiandike kwenye ripoti kana kwamba kesi imefungwa.)

Kazi kubwa iko kwenye kuchagua maneno. Ukiweka kiti, kisu, kikombe na kitabu kwenye orodha moja, umempa mshiriki kamba ya kuyavutia yote: kiambishi kimoja, sauti moja. Ama changanya ngeli, ama chukua nomino zisizo na kiambishi kinachosikika, kama kengele, njiwa, barabara, sabuni. Epuka yanayoishi pamoja, kwa mfano sufuria, mwiko na jiko; mtu atayakumbuka kama fungu. Epuka pia yenye maana mbili: kaa, paa, tai, mto. Linganisha urefu kwa silabi, maana orodha ya maneno ya silabi mbili ni rahisi kuliko ya silabi tano.

Tengeneza orodha mbili, A na B. Kila mshiriki ajibu moja papo hapo na nyingine baada ya kuhesabu kwa sekunde 30, kama kwa Glanzer na Cunitz. Nusu wajibu A papo hapo, nusu B. Na ndani ya kila nusu, wengine waanze na papo hapo, wengine waanze na kuchelewesha. Hayo ni makundi manne, na mtu aingie kundi kwa kura, si kwa alivyokaa darasani. Marafiki hukaa pamoja, na waliofika mapema wanaweza kuwa tofauti na waliochelewa. Usipozibadilisha orodha hivi, hutajua kama tofauti imeletwa na ucheleweshaji au ni kwamba orodha B ilikuwa ngumu tu.

Rekodi sauti kwenye simu kabla ya siku yenyewe, neno moja kila sekunde 2, ili kila mtu asikie kasi ileile. Ukisoma mwenyewe kwa mdomo utaharakisha ukichoka, na sauti yako itakazia maneno unayotarajia wayakumbuke. Kalamu ziwe chini mpaka useme "andika". Kisha dakika 2 za kuandika kwa mpangilio wowote.

Kwenye kuhesabu ndiko wengi wanakoharibu. Mshiriki apewe namba, mfano 487, arudi nyuma kwa tatu tatu kwa sauti. Akihesabu kimoyomoyo atakuwa anarudia maneno yako, na grafu yako haitaonyesha kitu. Hii ndiyo mbinu ya Peterson na Peterson wa 1959: washiriki walipewa konsonanti tatu tu, na baada ya sekunde 18 za kuhesabu walikumbuka takribani mara 1 kati ya 10. Darasa zima likihesabu kwa pamoja chumbani ni fujo, kwa hiyo pima mmoja mmoja. Na amua lugha mapema: "mia nne themanini na saba" huchukua muda kuliko kwa Kiingereza, na usiposema kitu, mmoja atahesabu hivi na mwingine vile.

Suala la lugha ni zito zaidi kwenye kipimo cha tarakimu. Hapo unasoma tarakimu moja kila sekunde, mshiriki anazirudia kwa mpangilio uleule, unaanza na tatu, unampa majaribio mawili kwa kila urefu, unaacha akikosa yote mawili. Vitabu vitakutajia kwamba mtu hushika vitu 7 kuongeza au kupunguza 2, ya George Miller (1956), au karibu 4, ya Nelson Cowan (2001), pale mshiriki anapozuiwa kurudia na kupanga mafungu. Lakini Baddeley na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba mtu hushika takriban maneno anayoweza kuyatamka ndani ya sekunde 2 hivi. Sasa hesabu: moja hadi tisa kwa Kiswahili zote ni silabi mbili, na sifuri ni tatu. Kwa Kiingereza, kati ya moja na tisa ni saba pekee yenye silabi mbili. Mshiriki wa Kiswahili akipata namba ndogo kuliko jedwali la wastani wa wasemaji wa Kiingereza, usiandike kwamba kumbukumbu yake ni dhaifu. Jedwali halikutengenezwa kwa ajili yake.

Kiswahili chenyewe kiliwahi kuwa kifaa cha maabara. Mwaka 2008 Karpicke na Roediger waliwapa wanafunzi wa Marekani jozi 40 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu hawakukijua. Walioendelea kujipima jozi zote, hata zile walizokwisha kuzipatia, walikumbuka kama asilimia 80 baada ya wiki. Walioacha kujipima jozi walizozipatia walibaki kwenye asilimia 33 hadi 36, hata wale walioendelea kuzisoma. Walipoulizwa mapema watakumbuka kiasi gani, makundi yote yalikisia karibu nusu. Ukitaka kurudia jaribio hili Morogoro au Eldoret, tafuta lugha ambayo hakuna mshiriki anayeijua, na uwaulize wote kabla. Darasa moja linaweza kuwa na lugha nyingi kuliko unavyodhani.

Maelekezo yaandike, uyasome neno kwa neno, maana neno moja laweza kubadili jibu. Loftus na Palmer (1974) waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali, wakauliza magari yalikuwa na kasi gani "yalipogongana" au "yalipopondana". Wiki moja baadaye, 16 kati ya 50 wa swali la pili walisema waliona vioo vilivyovunjika; wa swali la kwanza walikuwa 7 kati ya 50. Vioo havikuwepo.

Kuhusu idadi: ukitafuta tofauti ya ukubwa wa kati, kwa nafasi ya asilimia 80 ya kuiona, makundi mawili ya watu tofauti yanahitaji watu 64 kila moja. Watu walewale wakipimwa mara mbili, 34 wanatosha. Chukua 36, wagawanyike tisa tisa.

Ridhaa iwe ya maandishi, mtu aweze kuondoka bila sababu, karatasi ziwe na namba badala ya majina. Utafiti nje ya darasa unahitaji kibali: NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) kwa Kenya, COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kwa Tanzania. Kwa zoezi la darasani, muulize mhadhiri idara inataka nini.

Kanuni za kusahihisha ziandikwe kabla hujaona karatasi hata moja. Kosa la tahajia likubaliwe, kisawe kikataliwe, neno lililorudiwa lihesabiwe mara moja, na neno ambalo halikuwepo liende kwenye safu yake, kwani nalo ni data. Wasahihishaji wawe wawili, kila mmoja peke yake, wasijue karatasi ni ya papo hapo au ya baada ya kuhesabu. Amua pia mapema nani ataondolewa, mathalani aliyeandika wakati orodha inasomwa. Kisha usiishie kwenye jumla ya maneno kwa kila mtu: toa asilimia ya waliokumbuka neno la 1, la 2, mpaka la 15, uchore mistari miwili, papo hapo na baada ya sekunde 30. Jumla peke yake inaificha tofauti uliyokuja kuitafuta.