Kabla hujanunua boksi la kufungia flai

Nilifunga flai miaka sita kabla sijaona hata moja ikigusa maji. Nairobi tuko wengi wa aina hiyo. Flai, kwa asiyeijua, ni mdudu wa bandia: ndoana iliyovishwa uzi, manyoya na sufu mpaka samaki aina ya trauti adhani ni chakula. Nyingi ya zile zinazouzwa madukani Ulaya na Marekani hufungwa Kenya, Thailand na Sri Lanka, na mikono yangu ilikuwa miongoni mwa hiyo ya Kenya. Meza ndefu, taa kila kiti, malipo kwa dazeni. Asubuhi unapewa sampuli, unaiiga hadi jioni, kisha mkaguzi anapita na kutupa asizozipenda, na dazeni yako inapungua mbele ya macho yako.

Siku hizi najifungia mwenyewe, nauza kidogo, na nikipata nauli napanda Nyeri kuvua. Vijana wanaotaka kuanza huniuliza swali lile lile: ninunue boksi gani? Wanamaanisha yale maboksi ya wanaoanza, yaliyojaa vifaa vinavyong'aa na vipakiti vya manyoya ya rangi zote.

Usinunue boksi.

Mimi nililinunua, na aibu yenyewe ni kwamba nilikuwa tayari fundi. Nilipoacha kazi niliwaza: vifaa vya karakana vimebaki karakana, acha niagize seti nzima kwa mpigo mmoja. Ilipofika, vaisi yake (jiliwa, kwa Kiswahili cha vitabuni) ilikuwa na meno laini kama sabuni. Wiki ya kwanza ilishika. Ya pili, kila nikivuta uzi ndoana inainama na kichwa kinaangalia chini. Nikakaza zaidi, meno yakaliwa kabisa. Mkasi ulikuwa butu upande wa ncha, na ncha ndiyo pekee tunayoitumia. Manyoya yalikuwa ya kupamba kadi, si ya kufungia kitu. Kilichobaki na kazi mpaka leo ni sindano.

Kwa hiyo pesa yako iweke kwenye vitu vitatu, basi.

Cha kwanza ni vaisi yenye meno ya chuma kigumu. Si lazima izunguke, si lazima iwe ya jina kubwa. Ukiwa dukani, ibane ndoana namba 12 halafu isukume kwa kidole gumba kwenda chini. Ndoana ipinde yenyewe kabla haijateleza. Ikiteleza, rudisha. Hapa kumbuka namba za ndoana zinakwenda kinyume: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo, kwa hiyo 18 ni kijidudu na 8 ni kipande cha nyama. Anza na 10 na 12. Anayekuambia uanze na 18 anataka uache mapema.

Cha pili mkasi. Ncha nyembamba, inayokata mwishoni kabisa, na matundu mapana ya vidole, kwa sababu fundi haweki mkasi mezani. Unakaa mkononi muda wote, umening'inia kwenye kidole cha pete huku vidole vingine vikifunga. Ukiuweka chini na kuuokota kila mara, hesabu sekunde hizo kwa flai mia. Na mkasi huo usikate waya wala kucha za mtoto. Nina mwingine mzee wa kazi chafu.

Cha tatu ni ndoana zenyewe. Flai nzuri kwenye ndoana mbovu ni pambo la kofia.

Kishikio cha uzi, ile bobini yenye mrija, kinaweza kuwa cha bei ya chini, ila uangalie mdomo wa mrija. Ukiwa na kona kali utakata uzi kila dakika tano na utadhani mkono wako ndio mzito. Pitisha uzi wa kawaida mara kadhaa, ukitoka umechanika nyuzinyuzi, kiache. Uzi wa cherehani usiuguse kwa flai ndogo. Mizunguko mitano tu na kichwa cha mdudu kinakuwa kama cha tembo. Tafuta uzi mwembamba wa kazi hii, ule ulioandikwa 6/0 au 8/0. Namba hizo nazo zinakwenda kinyume kama za ndoana: 8/0 ndio mwembamba. Sijui aliyezipanga alikuwa na hasira na nani.

Vilivyobaki viko nyumbani kwako. Rangi ya kucha isiyo na rangi ndiyo vanishi ya kichwa. Mrija wa kalamu uliokwisha wino hufunga fundo la mwisho: unazungusha uzi kwenye ncha ya mrija, unaiegemeza kwenye jicho la ndoana (kile kitundu cha kufungia mshipi), unatelezesha kitanzi. Kuna kifaa maalumu cha fundo hilo, lakini karakana nilikojifunza wengi tulilifunga kwa vidole viwili, na tulikuwa wepesi kuliko kifaa. Kopo la lipstiki lililokwisha, likioshwa vizuri, hupanga ncha za nywele za mnyama zikalingana: tumbukiza, gonga mezani, mimina. Nta ya nyuki unaipata kwa muuza asali. Waya mwembamba wa shaba uko ndani ya redio mbovu, umezungushwa pale kwenye transfoma.

Na usiudharau waya huo. Frank Sawyer, Mwingereza aliyekuwa mlinzi wa mto Avon kule Wiltshire, alifunga flai yake maarufu, Pheasant Tail (yaani mkia wa feasanti, ndege wa jamii ya kuku), bila uzi kabisa. Waya wa shaba na nyuzi za unyoya wa mkia, hivyo viwili tu. Waya ulikuwa uzi, ulikuwa uzito wa kuizamisha, na ulikuwa rangi. Dunia nzima ingali inaivulia. Nikikutana na mtu mwenye droo kumi na mbili za vifaa humkumbuka mzee huyo na waya wake.

Sasa manyoya, maana hapa ndipo pesa inapotoroka.

Jogoo wa kienyeji atakupa manyoya ya bure kwa mchinjaji yeyote wa kuku sokoni, na wengi huyaokota wakifurahi. Ni mazuri, lakini si kwa kila kitu. Unyoya wake ni mpana na laini, unakunywa maji. Hiyo ndiyo sifa tunayoitaka kwa flai ya kuzama, kwa sababu nyuzi laini zinacheza na mkondo kama miguu ya mdudu. Ukiufunga kwenye flai ya kuelea, inaelea mara mbili halafu inakwenda chini kama mchuzi. Flai za kuelea zinataka unyoya mwembamba, mkavu, mrefu, wenye nyuzi ngumu zinazolingana toka mwanzo hadi mwisho, na jogoo wa kuutoa huzalishwa kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili hiyo tu, hasa Marekani. Ni ghali. Mwaka 2011 unyoya huo uliwahi kuwa ghali kupita kiasi, pale wasichana wa Marekani walipoanza kuuweka kwenye nywele kama pambo na maduka ya wavuvi yakabaki na rafu tupu. Fikiria, mvuvi wa watu anagombea unyoya na msusi.

Njia ya mkato ninayoipenda ni bata. Pale juu ya mkia, kwenye tezi ya mafuta, kuna vijinyoya vichache vyepesi kama moshi. Vinaelea vyenyewe. Funga kimoja au viwili juu ya mwili mwembamba na una flai ya kuelea bila jogoo wa Marekani. Usivipake mafuta, vitashikana na kufa. Tatizo ni moja tu: bata mmoja ana vichache, kwa hiyo Krismasi nafahamika kijijini kwetu kama yule mtu anayeomba matako ya bata.

Sufu ya mwili wa flai naipata sokoni Gikomba. Koti la mitumba lenye kola ya manyoya ya sungura linatosha miaka. Nililipa shilingi mia tatu na muuzaji alipoona nakata kola pale pale na kumwachia koti, aliniangalia kama mgonjwa.

Ukipata manyoya yoyote yasiyotoka dukani, osha kwa sabuni, kausha, funga kwenye mfuko wa plastiki na weka kwenye friza wiki mbili kabla hujayachanganya na mengine. Mimi niliacha kufanya hivyo mara moja tu. Nondo waliingia, na ngozi nzima ya shingo ya jogoo, ile ya kuagiza, niliikuta imebaki vijiti na vumbi. Sikula chakula cha usiku.

Na ndege wa porini waache. Kenya, kukutwa na sehemu ya mnyama au ndege wa porini bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya 2013, na "nimeuokota tu" si kibali. Uchu wa manyoya una historia mbaya. Mwaka 2009 kijana mmoja mpiga filimbi aliingia kwa kuvunja dirisha katika jumba la makumbusho la Tring, Uingereza, akatoka na ngozi 299 za ndege, nyingine zilizokusanywa zaidi ya karne moja kabla, ili awauzie wanaofunga flai za kizamani za samaki aina ya salmoni. Wanunuzi walikuwepo. Watu wenye hobi kama hii yetu.

Nilisema miaka sita bila kuona maji. Mara ya kwanza ilikuwa mto Thego, chini ya Mlima Kenya. Trauti si wa kwetu, waliletwa na Wazungu: mayai ya kwanza, kutoka Scotland, yaliwekwa mto Gura kule Aberdare mwaka 1905, na wamezoea baridi ya mito hii kana kwamba walizaliwa nayo. Nilikwenda na boksi la flai zangu bora, zile ambazo mkaguzi hakuwahi kurudisha hata moja. Saa tatu nzima, hakuna kitu. Mzee mmoja aliyekuwa akivua juu kidogo yangu akashuka, akasalimia, akaomba kuona.

"Hizi umefunga wewe?"

"Ndiyo, mzee."

Akaishika moja kwenye mwanga, akaizungusha. "Kazi safi. Lakini umeinenepesha. Umewahi kuona mdudu wa mto huu akiwa na kitambi?"

Akaniinamisha, akageuza jiwe majini. Chini yake kulikuwa na vidudu vyembamba kama vipande vya kijiti cha kiberiti, vimejibana kwenye jiwe. Mimi nilikuwa nimezoea kujaza sufu kwa sababu flai nono inapendeza dukani. Majini, sufu nyingi inashika hewa na kukataa kuzama, na mkondo wa pale hauna subira. Akanipa yake moja: nyembamba, mbaya, uzi umechomoka mkiani. Nilipata samaki kwenye mrusho wa nne, sitaki kusema ukubwa wake kwa sababu haukuwa ukubwa.

Tangu siku hiyo kipimo changu cha vifaa kimebadilika. Ukiwa na elfu tano za ziada, usiongeze kifaa mezani. Panda matatu uende mtoni, geuza mawe, rudi ufunge ulichokiona. Lipa kibali chako cha kuvua, na ukiingia ndani ya hifadhi lipa kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kisha tafuta mkazi wa pale wa kuongozana naye. Kandokando ya mito hii wapo wanaojua kila shimo la maji, na pia wanajua ndovu wamelala upande gani leo, habari ambayo hutaipata kwenye boksi lolote.

Watu wa mchezo huu, kwa uzoefu wangu, ni wakarimu kuliko wanavyoonekana na miwani yao. Peleka flai mbili, utarudi na tatu. Usiombe mtu akuonyeshe mahali anapovulia, muulize anavulia nini na kina gani. Na minya ule mwiba wa ndani wa ndoana kwa koleo kabla ya kurusha. Samaki anatoka kirahisi bila kuchanika, na siku ndoana itakapoingia sikioni mwako, maana siku hiyo ipo, utanishukuru.

Ukitaka kuanza wiki hii, anza na Kenya Bug, namba 10. Nyeusi yote: mkia wa manyoya meusi, mwili wa sufu nyeusi, waya wa rangi ya fedha umezungushwa kwa nafasi, manyoya meusi laini shingoni. Mkia usizidi urefu wa mgongo wa ndoana. Na acha nafasi nyuma ya jicho, kisha acha nyingine tena, maana kosa la kila anayeanza ni kufika mbele na kukosa pa kufungia kichwa. Kwa mkaguzi wetu, jicho lililozibwa lilikuwa halina rufaa.

Funga kumi na mbili za namna hiyo hiyo, usibadilishe rangi hata ukichoka. Zipange mezani kwa mpangilio ulivyozifunga. Kuanzia ya saba hivi utaona mkono umeanza kuelewa. Zile tatu au nne za mwanzo, chukua wembe, pasua kufuata mgongo wa ndoana, vua kila kitu, na ndoana irudi kwenye kopo.