Koki inavuja, nani anunue?

Dada yangu wa Kirumba, Mwanza, umeuliza kama ni haki mama mwenye nyumba akwambie koki, balbu na kitasa vyote ni juu yako, na una miezi 3 tu humo ndani.

Balbu nunua tu, usigombane. Hiyo inaungua ukiitumia wewe.

Koki ni habari nyingine. Kabla hujabishana, funga maji, ifungue utazame kile kipira cheusi cha ndani. Mara nyingi kimelika tu, na duka lolote la vifaa vya bomba wanacho kwa bei ndogo. Mimi huku mlimani Mabatini nimebadilisha viwili mwaka huu. Maji yakirudi usiku yanakuja na kishindo, vipira havidumu. Ila kama koki yenyewe imeoza nyuzi za kufungia, huo ni uchakavu ulioukuta, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimbebeshi mpangaji uchakavu wa kawaida. Isome pamoja na mkataba wako, maana huenda umesaini kipengele cha matengenezo madogo bila kukiona. (Wengi tunatazama kodi tu.)

Kitasa je, ulivunja ufunguo ndani? Basi lipa. Kama kilikuwa kinakwama tangu ulipohamia, ni juu ya mama mwenye nyumba.

Piga picha ya kilichoharibika, mtumie kwa ujumbe na bei ya fundi, umwombe gharama hiyo ikatwe kwenye kodi ijayo. Usikate kabla hajakubali kwa maandishi.