Wadogo zangu wa uhasibu, ukimya wenu utawaponza

Jana nimemkuta kijana wetu mpya ameitupa tofauti ya usuluhishi wa benki (kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki) kwenye akaunti ya muda, pale panapowekwa tofauti isiyojulikana chanzo mpaka kipatikane. "Ni 45 tu, bosi." Nikacheka, kisha nikakasirika, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi. Haya, sogeeni.

1. Lile jaribio la haiba la herufi nne, ISTJ (mkimya mpenda mpangilio) na ndugu zake, lisiwalevye. Kupenda utulivu na mpangilio kunasaidia kufunga mwezi, ila si kibali cha kukaa kimya. (Wachangamfu nao msicheke, nyinyi hamsomi viambatisho.)

2. Mimi ni mkimya wa kuzaliwa. Enzi za leja za mkono, urari wangu, ile orodha ambayo jumla ya debiti na ya krediti lazima zilingane, ulikataa kwa 270. Inagawanyika kwa 9, na tarakimu mbili zikipishana (54 ikaandikwa 45) tofauti huwa hivyo, nikajiona fundi: tarakimu zimepishana tu! Siku tatu nikakesha nazo, kalamu nyekundu mkononi. Hakuna zilizopishana. Keshia alikaa meza ya tatu kutoka kwangu, lakini kumuuliza niliona ni kujidhalilisha. Usiku wa tatu nikaiingiza 270 akaunti ya muda, kwa mwandiko mzuri kabisa, nikalala fofofo.

Mkaguzi alipofika hata leja hakuifungua. Alimgeukia keshia: "Mwisho wa mwezi kuna hela iliingia mkiwa mnafunga?" Akajibiwa, "Ipo." Ilikuwa 1,250,270. Mteja nimempunguzia deni, daftari la fedha sijaligusa. Na ankara ya 1,250,000 nimeipeleka kwenye gharama, kwenye akaunti ya mdai hakuna kitu. Makosa mawili ya pande tofauti, kila moja zaidi ya milioni, yameegemeana kama walevi, kinachochungulia ni 270. Mkuu wangu hakufoka. Aliisoma ile namba kwa sauti, taratibu, ofisi nzima ikisikia. Mpaka leo nikiona 270 kwenye risiti masikio yananipata moto.

3. Kanuni ya 9 inakuonyesha pa kuanzia kutafuta, basi.

4. Vocha isiyo na kiambatisho irudishe, hata ikiwa ya mkurugenzi.

5. Programu za siku hizi zinakataa kuingiza debiti bila krediti yake, lakini akaunti ya muda bado inameza chochote. Kwa hiyo ile 45 nimemrudishia mwenyewe, nikamwambia akamuulize keshia. Nilipopita alikuwa bado anazungukazunguka pale mlangoni kama aliyekwenda kuposa.