Una milioni 2 na unataka kulima Mbeya? Anza na nusu ekari, mbegu safi na mzani

Mkuu, umeuliza kama uache kazi uje kulima viazi mviringo Mbeya. Una milioni 2, na umepigiwa hesabu ya ekari moja: magunia 100 mara 60,000, miezi minne umemaliza. Mimi nalima viazi na maharage upande wa Uporoto, juu ya Uyole, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Kazi usiache kwanza. Ila njoo, maana hela ipo kweli, tatizo haipo pale hiyo hesabu inapokuonyesha.

Mwaka wa kwanza nilipiga hesabu hiyohiyo. Nikakodi ekari nzima, mbegu nikanunua sokoni, vile vidogovidogo vinavyobaki wachuuzi wakishachagua. Viliota vizuri mno. Wiki ya sita, maua yanaanza kutoka, nikakuta mashina matatu yamelegea saa za mchana, majani bado kijani kabisa. Nikajua ni jua tu, na kweli jioni yakasimama. Siku nne baadaye yalikuwa zaidi ya thelathini, na jioni hayakuinuka tena.

Jirani yangu, mzee wa Kisafwa aliyekulia vilima vilevile, alikata shina moja karibu na udongo, akaagiza glasi ya maji safi. Akalishika lile shina ncha ikigusa maji, akaniambia, "Tulia uangalie, mwanangu." Dakika chache tu, uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka taratibu kutoka kwenye shina kwenda chini ya glasi. Ule ndio mnyauko wa bakteria. Hauna dawa ya kupiga. Unang'oa shina pamoja na viazi vyake, unatoa nje ya shamba, na eneo lile hulirudishii viazi, nyanya, bilinganya wala pilipili kwa misimu kadhaa. Unapanda mahindi au ngano. Ugonjwa nilikuwa nimeununua mwenyewe kwa hela yangu, ndani ya gunia la mbegu.

Kwa hiyo hela yako ya kwanza iende kwenye mbegu, hata kama itakulazimisha kulima eneo dogo. Nenda TARI Uyole, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, waeleze unataka kulima wapi, wakuelekeze kwa wazalishaji wenye mbegu zilizothibitishwa au za kuazimiwa ubora, yaani zinazozalishwa na wakulima chini ya ukaguzi. Asante na Sherekea ni mbegu zinazofahamika huku, na Sherekea inavumilia ugonjwa wa ukungu, ule unaounguza majani, kuliko nyingi nilizowahi kupanda. Chukua zenye ukubwa wa yai la kuku. Ukipanda sentimita 75 kati ya matuta na 30 kati ya shina na shina, nusu ekari inakula magunia kama manne na nusu. Usizikate kwa kisu ili ziwe nyingi, kisu hichohicho ndicho kinachosambaza mnyauko.

Ukungu nao upo, hasa ukipanda na mvua za Novemba. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu hadi Aprili au Mei, na kukiwa na umande na mawingu wiki nzima, shamba linaweza kuwa jeusi kwa siku chache. Piga dawa ya kinga kabla hujaona doa, kisha rudia kila siku 7 hadi 10. Mbolea sitaeleza sana. Jisajili kijijini mapema upate ya ruzuku, basi.

Sasa soko, na hapa ndipo naumia zaidi kwa ajili ya wakulima wenzangu. Mwaka ule wa kwanza nilivuna magunia 19 ya lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita kipimo. Dalali alikuja na vijana wake, wanajaza gunia mpaka mdomo, wanaongeza kilemba juu, wanashona na kamba. Nilibeba moja hadi mashine ya kusaga iliyokuwa na mzani. Kilo 148. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Piga hesabu mwenyewe: magunia kama tisa yaliondoka shambani kwangu bure, na mimi ndiye niliyelipa vibarua wa kuyachimba. Tangu hapo nina mzani wangu wa kuning'iniza, na tuko wakulima sita tunaouza pamoja ili lori lijae kwetu. Mnunuzi asiyetaka mzani tunamwacha aende. Mtu mmoja peke yake hawezi hilo, lori likishageuza ameachwa na viazi vyake, ndiyo maana nakusihi utafute wenzako kabla hujatafuta shamba.

Nikupe hesabu yangu ya msimu uliopita, nusu ekari. Kodi 80,000, mbegu 450,000, mbolea 210,000, dawa 120,000, vibarua kuanzia kulima hadi kuchimba 260,000. Nilipata magunia 38 ya kilo 100. Manne nikabakiza kwa chakula cha nyumbani, 34 nikauza 60,000. Viroba na kutoa mzigo hadi barabarani ni 3,500 kwa kila gunia, maana mvua ikinyesha lori halipandi huku. Ilibaki 801,000. Hiyo ni baada ya miaka minane ya kujifunza, na mbegu safi. Wewe mwaka wa kwanza panga kurudisha mtaji wako tu.

Nusu ekari nyingine weka maharage, aina ya Njano Uyole. Hayana faida ya haraka, lakini yanakaa. Viazi vikishachimbwa bei ikiwa mbaya Machi utauza tu, kwa sababu wote tumepanda Novemba na wote tunachimba pamoja. Maharage unayakausha, unayaweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, unasubiri. Msimu unaofuata unageuza, viazi vinahamia yalipokuwa maharage. Wenzetu wa Iringa na Njombe wana vinyungu mabondeni, wanalima kiangazi wakati shamba la mlimani limekauka, na hao huuza wakati soko halijajaa. Ukipata bonde lenye unyevu, hiyo ndiyo nafasi nzuri kuliko zote, ila chunga baridi ya Juni na Julai, sehemu za juu inaunguza majani.

Omba likizo ya wiki mbili Oktoba uje kutafuta shamba na kuchukua mbegu. Zitandaze kwenye chumba chenye mwanga hafifu, zisilundikane, zichipue machipukizi mafupi manene kabla mvua haijaanza.