Sisi Tunaojua Magari Hatuna Kisingizio

Wiki hii kijana mmoja wa hapa Lubumbashi ameniandikia hivi: «Yaya, nimetosha Toyota Mark X yangu mpakani Kasumbalesa. Ikifika 180 inakata. Unionyeshe fundi mwenye anaweza kutosha ile bloki, juu kiangazi ikiingia tunataka kuenda nayo barabara ya Likasi.»

Ameuliza kwa heshima, na namjibu hadharani kwa sababu najua hayuko peke yake. Mdogo wangu, magari mengi yaliyoundwa kwa ajili ya soko la Japani yamefungwa kwenye kilomita 180 kwa saa; hiyo ndiyo bloki unayotaka kuitosha, yaani kuiondoa. Watengenezaji walikubaliana hivyo wao kwa wao. Kuyafungua si kazi kubwa kwa fundi anayeelewa umeme wa gari. Lakini kabla hujamtafuta, piga goti kando ya tairi lako usome ubavuni. Baada ya namba za kipimo kuna herufi moja. Q ni 160 kwa saa, S ni 180, T ni 190, H ni 210. Kisha angalia kama pameandikwa STUDLESS. Hilo ni tairi la theluji. Magari mengi yanatufikia yakiwa bado yamevaa matairi ya majira ya baridi ya kule, mpira laini uliotengenezwa kwa barabara yenye barafu, na mengi ya matairi hayo yana herufi Q. Kwenye lami ya hapa kwetu mwezi wa Oktoba mpira huo unachemka na kulika upesi. Kwa hiyo huenda tairi lako lilikuwa limeshapita uwezo wake kilomita 20 kwa saa kabla ile bloki haijakukatia. Tafuta pia tarakimu nne za mwisho katika namba inayoanza na herufi DOT, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 3814 maana yake ni wiki ya 38 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo, hata likiwa na meno mazuri, mimi silipeleki barabara ya Likasi.

Hilo ni jibu la fundi. Ninalo jibu jingine, na limenigharimu marafiki.

Napenda mwendo, sitaficha. Napenda sauti ya injini ya silinda sita ikipanda, napenda gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Nimejifunza magari tangu nikiwa mtoto wa Katuba nikishika taa kwa mafundi wasiokuwa na muda wa kunifundisha. Kundi letu la wapenzi wa magari nililianzisha mimi pamoja na wenzangu wachache, na nasema hivyo kwa fahari, kwa maana lilikuwa kundi zuri. Tulikutana Jumapili asubuhi na mapema kule mtaa wa Golf, magari yameoshwa yanang'aa, tunaondoka kwa msururu kwenda Likasi, tunakunywa chai, tunarudi. Vijana waliokuwa hawajui kupima mafuta ya injini waliondoka kwangu wakijua kufungua kaliba za breki. Wengine leo wana gereji zao.

Likasi ni mwendo wa kilomita kama 120. Mnaoijua ile barabara mnajua inavyobeba: malori ya shaba na kobalti, matangi ya asidi, mabasi ya Kolwezi. Na kabla jua halijachomoza kuna watu wa makala. Wanatoka vijijini usiku, baiskeli imebeba magunia mpaka mwenye baiskeli haonekani nyuma yake, wanasukuma wakiinama ili wafike sokoni asubuhi. Moto unaopikia bukari, yaani ugali, katika nyumba nyingi za mji huu unaingia mjini kwa miguu yao.

Jumapili moja kijana wa Toyota Altezza alichomoka kwenye msururu. Mwingine akamfuata. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, mahali pa kiongozi, ili asiachwe mtu. Nilipofika nilikuta magunia yamepasuka, makala yametapakaa barabarani, baiskeli imejikunja, na baba mmoja amelala kwenye majani kando ya lami, fahamu anazo, mguu umegeuka upande usio wake. Altezza ilikuwa imesimama mbele, kioo kimevunjika. Dereva hakuwepo. Wenzake walikuwa wamemtia katika gari jingine na kumrudisha mjini, «ili watu wa kijiji wasimpige». Hofu hiyo naielewa. Lakini walimhamisha aliyekuwa mzima na kumwacha aliyevunjika chini.

Tulimpeleka hospitali. Yaliyofuata pale, karatasi na malipo ya kwanza kabla ya lolote, mnayajua. Jioni kaka yake mkubwa akafika na vumbi la safari mwilini, akatuangalia sisi wanaume tuliosimama ukutani na funguo mkononi, akauliza jambo moja tu: «Nani alikuwa anaendesha?»

Kimya. Watu ambao saa chache kabla walikuwa wanajua nani ana turbo gani na nani amebadilisha eksozi wapi, ghafla hawakujua nani alikuwa anaendesha Altezza.

Mimi nilitaja jina. Nilimtajia kaka wa mgonjwa, na kesho yake nikalitaja tena mbele ya polisi.

Kwa ajili ya jina lile niliitwa msaliti. Niliambiwa nimemuuza mdogo wangu, kwamba mambo ya kundi yanamalizwa ndani ya kundi. Walioniambia hivyo ni watu niliowafundisha mimi. Wakafungua kundi lao, wakanitoa, na mpaka leo tukikutana kwenye pampu ya mafuta wengine wanaangalia upande wa pili. Inauma. Sitasema haiumi. Lakini lile jina ningelitaja tena leo jioni.

Na sikilizeni walivyojitetea, kwa sababu utetezi huo nausikia kila kunapotokea ajali. Wa kwanza akasema ni bahati mbaya. Wa pili akasema kuna mkono wa mtu, yule kijana ana watu wanaomwonea wivu kwao. Wa tatu akasema barabara ni mbaya. Wa nne, ambaye ni fundi mzuri, akasema mzee wa baiskeli hakuwa na taa.

Huyo wa nne ndiye aliyenikasirisha kuliko wote, kwa sababu yeye anajua taa. Japani wanaendesha upande wa kushoto. Taa za chini za magari yao zimekatwa ili mwanga upande juu upande wa kushoto, kumulika ukingo wao. Sisi tunaendesha upande wa kulia. Ukileta taa hizo hapa bila kuzibadilisha, mwanga ulioinuka unampiga machoni anayekuja mbele yako, na ukingo wa kulia, pale pale anaposukuma mtu wa makala, unabaki na giza. Yule mzee hakuonekana kwa sababu Altezza ilikuwa inamulika upande mwingine. Fundi yule analijua jambo hili. Mimi na yeye tumebadilisha taa za namna hiyo kwa mikono yetu. Halafu anasimama hospitalini anamlaumu mwenye mguu uliovunjika.

Tena ongeza mwendo. Kwenye 100 kwa saa gari linakula mita 28 kwa sekunde, na sekunde hiyo ndiyo inayopita kabla mguu wako haujaigusa breki. Kisha kusimama kwenyewe, lami kavu na tairi zima, ni mita nyingine kama 40 hadi 50. Taa za chini hazikuonyeshi umbali huo. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, pigo linazidi mara nne. Haya si siri kwa watu wanaoweza kukutajia nguvu za injini ya 1JZ usingizini.

Mama anayenunua gari ili apeleke watoto shule akisema hakujua kwamba maji ya breki yanafyonza unyevu na yanaweza kuchemka kwenye mteremko, nitamwelewa, nitamfundisha. Wewe unayejua, unayejiita mpenzi wa magari, ukisema hivyo unasema uongo. Ujuzi wetu unatuondolea visingizio ambavyo wengine wanavyo.

Kuna jambo la usukani wa kulia pia. Ng'ambo ya Kasumbalesa, kwa Wazambia, usukani huo uko mahali pake. Ukivuka mpaka tu, unakaa upande wa ukingo na lori lililo mbele linakuziba macho. Kwa hiyo anayeangalia ni yule wa kiti cha kushoto. «Pita, kuko bure!», yaani njia iko wazi. Nimesikia maneno hayo yakitamkwa na mtu anayeandika ujumbe kwenye simu. Dereva, macho ya jirani yako si yako. Kama huoni mwenyewe, baki nyuma ya lori, acha nafasi, usubiri mahali pa wazi hata ikiwa ni kilomita kumi. Na wewe wa kushoto usiseme «pita» kamwe. Sema unachokiona, «kuna basi», «kuna mtu wa baiskeli», basi. Nawe uliyekaa nyuma unachukua video na kushangilia, ujue kijana anakanyaga zaidi kwa ajili ya simu yako.

Sheria nayo haikuacha mlango. Kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha sheria zetu za madai, kilichoandikwa tangu 1888, kinamtaka aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake aitengeneze. Kifungu cha 52 cha sheria ya jinai kinamshika anayeua au kujeruhi kwa kukosa tahadhari, hata kama hakukusudia. Bima ya kumlipa unayemgonga ni lazima tangu sheria ya Januari 1973. Kijana wa Altezza alikuwa na spika zenye bei kuliko bima ya mwaka mzima, na bima hakuwa nayo. Yule baba leo anatembea kwa gongo. Baiskeli anasukuma mwanawe, ambaye alipaswa kuwa darasani.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Mark X, sitakuonyesha fundi wa kutosha bloki. Kama unatafuta mwendo, tafuta mahali palipofungwa, penye ruhusa, pasipo mtu wa makala wala mtoto anayevuka na ndoo ya maji. Barabara ya Likasi haifungwi kwa ajili yako. Ukigonga, simama. Kama maisha yako yako hatarini, nenda moja kwa moja polisi, ujitaje mwenyewe kabla mwingine hajakutaja. Na ukiwa shahidi, taja. Hata kama ni rafiki. Hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Watakuita majina, yavumilie.

Taa ndizo za kuanza nazo wiki hii, kwa kuwa hazihitaji fedha kuzikagua. Usiku, simamisha gari mahali tambarare, liangalie ukuta kwa umbali wa mita tano hivi, washa taa za chini. Tazama mstari wa juu wa mwanga. Ukipanda upande wa kushoto, hizo bado ni za Japani. Kuzishusha kwa bisibisi kunapunguza kuwapofusha wengine, lakini ukingo wa kulia utabaki gizani. Dawa ni kuweka taa za usukani wa kushoto za modeli hiyo hiyo, zilizotumika hupatikana kwa wauza vipuri ukiwa na subira. Asiye na ukuta aje kwangu Bel-Air, ninao mrefu na umepakwa chokaa. Niko nyumbani kila jioni baada ya saa kumi na mbili. Waje hata wale walionitoa kwenye kundi lao. Kupima taa sitamtoza mtu.