Maharage ya nazi na kolesteroli

SWALI: Kolesteroli yangu mbaya imepanda. Mayai nimeacha, ila maharage ya nazi nala kila siku. Nakosea wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana. Nazi haina kolesteroli, lakini mafuta yake mengi ni yale yanayoganda kwenye baridi, nayo hulipunguzia ini kasi ya kuondoa kolesteroli kwenye damu. Tatizo hasa ni kasimele, lile tui zito la kwanza. Liache kwa siku ya wageni. Siku nyingine unga kwa kitunguu, nyanya na vijiko viwili vya chai vya mafuta ya alizeti. Maharage yenyewe usiyaache kabisa! Nyuzinyuzi zake hugeuka ute, zikanasa nyongo tumboni, na ini huchota kolesteroli ya damu kutengeneza nyongo nyingine. Pima tena baada ya miezi 3. Kama umeandikiwa dawa, endelea nazo.